Upepo wa Shimo Jeusi na Chombo Kilichoitwa Uhuru

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Makambako na kurudiwa Njombe. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Leo tumesimama mbele yenu kwanza kabisa kusahihisha kosa letu wenyewe. Waliohudhuria kikao cha vijana cha mwaka jana hapa Makambako watakumbuka kwamba tulipozungumza juu ya mbingu na nyota tulisema maneno haya: kwamba shimo jeusi humeza kila kilicho karibu nalo, wala hakuna kitokacho huko, na kwa sababu hiyo hapana mtu awezaye kujua lolote juu yake. Tuliyasema kwa sauti kubwa, na wengi wenu mlitikisa vichwa kwa mshangao. Kisha kikaletwa kikaratasi kutoka upande wa kina mama, kimechanwa kwenye daftari la hesabu. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameandika: "Shikamoo maalimu. Nimesoma kwamba mashimo meusi yalijulikana kwa njia ya eksirei. Kama hakuna kitokacho, hiyo eksirei imetoka wapi?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Tulisema muda umekwisha. Saa ya ukutani, kila aliyeitazama aliiona, ilikuwa imebakiza dakika 15.

Tangu siku ile tumesoma, tumeuliza walimu wa fizikia, tumesoma tena. Tumeona kwamba binti yule alikuwa sahihi nasi tulikuwa na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kwamba si kila kikaribiacho shimo jeusi humezwa. Sehemu kubwa hufukuzwa nje, tena kwa mwendo ambao akili hushindwa kuushika. Kosa la pili ni kusema kwamba hakuna ajuaye. Wapo wanaojua, na jambo lililotuingia moyoni zaidi ni kwamba chombo cha kwanza kilichotumwa angani mahsusi kuitazama eksirei ya mbinguni kilitoka katika mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki, kikapewa jina la Kiswahili. Hapana aliyetuambia hayo shuleni, wala sisi hatukuwaambieni.

Yuko ndugu aliyetushauri kwamba tuanze na aya, kisha tuonyeshe kuwa kila kilichogunduliwa kilikwisha kutajwa. Tunamheshimu, lakini leo hatutapita njia hiyo. Aghalabu mtu abandikaye aya juu ya ugunduzi asioufahamu hupata aibu mara mbili: kwanza kwa kutoelewa ugunduzi, kisha kwa kuihusisha aya na jambo ambalo wataalamu wenyewe huenda wakaligeuza mwaka ujao. Tuufahamu ugunduzi wenyewe kwanza.

Ama kuhusu swali la binti, tuanze na maana ya kuona. Miaka elfu moja iliyopita huko Cairo, Ibn al-Haytham aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya nuru, Kitab al-Manazir, akathibitisha kwamba jicho halitoi mwale wa kwenda kukigusa kitu, bali nuru ndiyo itokayo kwenye kitu na kuingia jichoni. Tukilikubali hilo, tumekwisha kuelewa nusu ya jambo. Shimo jeusi ni mahali ambapo maada imebanwa katika nafasi ndogo hata nguvu yake ya kuvuta ikawa kali mno. Lina mpaka, na kilichovuka mpaka huo kwenda ndani hakirudi, hata nuru hairudi. Basi shimo lenyewe halitoi nuru ya kutufikia. Lakini nje ya mpaka huo ipo gesi, na gesi hiyo kabla ya kuanguka huwa na habari ndefu.

Gesi haianguki moja kwa moja kama jiwe kisimani. Huzunguka, kama maji ya beseni unapoondoa kizibo. Hujitandaza mfano wa sahani pana, na kadiri inavyokaribia katikati ndivyo inavyokwenda kasi na kusuguana, hata ikawa moto wa ajabu. Sehemu za karibu kabisa na shimo hufikia joto la mamilioni ya digrii na zaidi, na maada yenye joto kiasi hicho hutoa eksirei, yaani nuru ya namna ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Nuru hiyo hutoka nje ya mpaka, ndiyo maana inatufikia. Hilo, binti yetu, ndilo jibu la swali lako, na lingeweza kusemwa ndani ya zile dakika 15.

Sasa ifahamike kwamba eksirei kutoka mbinguni haifiki ardhini. Angahewa hii tunayovuta pumzi huizuia yote, na hiyo ni hifadhi kwa miili yetu. Kwa hiyo ukiweka darubini ya eksirei hapa Makambako, au juu ya kilele cha Kilimanjaro, hutaona kitu. Hapana budi kupanda juu ya hewa. Mwaka 1962 wataalamu wakiongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, walirusha roketi ndogo iliyokaa juu kwa dakika chache tu, wakagundua chanzo kikali cha eksirei katika kundi la Akrabu, yaani Nge. Dakika chache hazitoshi kuchora ramani ya mbingu. Kilihitajika chombo cha kukaa juu usiku na mchana.

Hapa ndipo Malindi inapoingia. Kaskazini ya mji huo, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha jukwaa la chuma baharini, wakaliita San Marco. Setilaiti ya kwanza kutoka hapo iliruka Aprili 1967. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ni karibu mno na mstari wa Ikweta. Roketi iondokapo Ikweta kuelekea mashariki husaidiwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Na kwa setilaiti ya eksirei iko faida nyingine, nayo ni kwamba njia ya angani iliyo juu ya Ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa yale maeneo yenye chembechembe nyingi za umeme zinazoizunguka dunia, ambazo huvichafulia vyombo vipimo vyake.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliondoka katika jukwaa hilo ikibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, haifiki hata mifuko mitatu ya mbolea. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakisherehekea miaka saba ya uhuru wao. Bibi Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa kazi hiyo upande wa NASA, alipendekeza setilaiti ipewe jina la heshima kwa wenyeji na kwa siku yenyewe, ikaitwa Uhuru. Mpaka leo, wanafunzi wa elimu ya nyota huko Japani, Ujerumani na Brazili hulitamka neno hilo letu, wengi wao wasijue ni la lugha gani.

Wazee mliopo hapa mtakumbuka mwaka ule. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulikuwa umezinduliwa Oktoba, miezi miwili kabla. Njombe ilikuwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa. Chombo kile kilizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, hakikutoka mbali na Ikweta, na tukipiga hesabu tunaona kwamba karibu mara 14 kila siku kilipita juu ya upeo wa kaskazini wa milima yetu hii. Mkulima aliyekuwa akipalilia viazi Njombe mwaka 1971 alipitiwa na Uhuru mara kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, asijue.

Uhuru ilikuwa na vipimo viwili vilivyotazama pande mbili zinazopingana, nayo ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takribani dakika 12, ikiifagia mbingu mstari kwa mstari. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo kilikuwa katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, ambalo wanajimu wa Kiarabu waliliita Dajaja, yaani kuku. Eksirei yake ilimetameta kwa kasi, ikibadilika ndani ya muda usiofika sekunde moja, na kitu kibadilikacho upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Kisha ikaonekana kwamba ipo nyota kubwa inayolizunguka jambo lisiloonekana kila baada ya siku 5.6. Hicho ndicho Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza ambalo wataalamu wengi walikubali kwamba ni shimo kweli. Vipimo vya mwaka 2021 vinaonyesha lina uzito wa jua 21 hivi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akafariki mwaka 2018.

Cygnus X-1 ni shimo dogo. Lakini Uhuru iliona pia eksirei kutoka katika viini vya galaksi za mbali, ambako yako mashimo yenye uzito wa jua milioni nyingi, mengine mabilioni. Hayo ndiyo tuliyokusudia kuyazungumza leo. Oktoba 1974, kutoka jukwaa lile lile la San Marco, iliruka setilaiti ya Waingereza iitwayo Ariel 5, nayo ikaonyesha kwamba galaksi nyingi zenye kiini king'aavu hutoa eksirei kwa kawaida. Mmoja wa waliokuwa na chombo chao ndani ya Ariel 5 ni Ken Pounds wa Chuo Kikuu cha Leicester. Mtaje jina hilo akilini, tutakutana naye tena.

Sasa tuje kwenye upepo. Nani katika ninyi asiyeujua upepo wa Makambako? Mnajua namna maharage yanavyopepetwa: mama huyamwaga kutoka juu, mbegu nzito huanguka mkekani, na pumba huchukuliwa na upepo kwenda zake. Karibu na shimo jeusi kubwa hutokea jambo la kufanana na hilo, ila kinachopuliza ni nuru. Nuru ina msukumo. Ule wa jua juu ya ngozi yako ni mdogo mno hauusikii, lakini nuru ya kiini cha galaksi, ambacho peke yake huweza kung'aa kushinda nyota zote za galaksi hiyo, huisukuma gesi ya ile sahani na kuinyanyua. Nguvu za sumaku nazo zina sehemu yake. Kiasi gani ni cha nuru na kiasi gani ni cha sumaku, wataalamu bado wanabishana. Matokeo ni kwamba sehemu ya gesi huondoka na kukimbilia nje kabla haijafika mpakani. Wataalamu wenyewe wameuita upepo, nasi hatukuona sababu ya kutafuta neno jingine.

Ninyi mtauliza: upepo hauonekani, tena huko mbali hivyo, wamejuaje? Swali zuri. Wamejua kwa kivuli na kwa sauti ya treni.

Kivuli ni hivi. Katika picha ya eksirei ya hospitali, mfupa huonekana kwa sababu umeizuia mionzi. Vivyo hivyo gesi iliyo kati yetu na kile kiini king'aacho huzuia sehemu ya eksirei, na kila elementi huzuia mahali pake maalumu katika mizani ya nguvu ya nuru. Chuma kina mahali pake, oksijeni mahali pake, silikoni mahali pake. Mtaalamu akiona pengo penye mahali pa chuma, hujua kuna chuma katika gesi ile. Dalili za kwanza za gesi ya namna hiyo mbele ya kwasari zilielezwa mwaka 1984, katika vipimo vya setilaiti iliyoitwa Einstein.

Ama sauti ya treni, mmeisikia tangu utotoni. Treni ya TAZARA ikija huku ikipiga honi, sauti yake huwa nyembamba. Ikishakupita na kwenda zake, sauti ile ile huwa nzito. Honi haikubadilishwa, kilichobadilika ni mwendo wake kukuelekea au kukuacha. Nuru nayo hufanya hivyo. Gesi inayotujia huacha kivuli chake mahali pa juu zaidi kuliko pale pa kawaida, na kiasi cha kuhama huko hueleza mwendo wake.

Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu, yakitumia darubini ya Ulaya XMM-Newton, yalitangaza jambo lililowashtua wengi. Katika kundi la kwanza alikuwamo yule Ken Pounds, karibu miaka 30 baada ya Ariel 5. Kundi jingine lilitazama kwasari iitwayo PDS 456, iliyo umbali wa zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru. (Herufi hizo zimetokana na kituo cha Pico dos Dias huko Brazili, kwa maana Wabrazili ndio walioitambua, mwaka 1997. Nchi ya kusini kama sisi.) Chuma kilichopashwa moto mno hutarajiwa kuacha kivuli penye kipimo cha karibu 7. Katika PDS 456, hata baada ya kuondoa athari ya kwasari yenyewe kwenda mbali nasi, kivuli kilikaa karibu na 9. Fanyeni hesabu, au mpeni kijana wa kidato cha sita aifanye: gesi ile inatujia kwa karibu robo ya mwendo wa nuru, yaani kilometa 75,000 hivi kwa sekunde. Kutoka hapa Makambako hadi Njombe ni kilometa 60 hivi, na basi hutuchukua saa nzima. Upepo ule ungeizunguka dunia karibu mara mbili ndani ya sekunde moja.

Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba upepo wa PDS 456 hautoki kama mkondo mwembamba bali umetanda karibu pande zote. Watu wakadhani habari imekwisha, kwamba ni upepo mmoja mpana uliotulia. Haikuwa hivyo. Septemba 2023 Wajapani, pamoja na NASA na Wazungu, walirusha chombo kiitwacho XRISM. Kipimo chake kimepozwa hadi karibu digrii 273 chini ya sifuri, na hupima joto dogo kabisa ambalo kila chembe moja ya eksirei huleta inapotua juu yake. Kwa usahihi huo walipoitazama tena PDS 456, kile kilichoonekana kuwa kivuli kimoja kipana kilijigawa. Walitangaza mwaka 2025 kwamba ziko angalau sehemu tano mbalimbali, zinazokwenda kati ya asilimia 20 na 30 ya mwendo wa nuru. Kumbe si upepo uliolingana. Ni mabonge ya gesi, mfano wa risasi, na huenda idadi yake ikafika milioni. Gesi inayotupwa nje inakadiriwa kuwa sawa na jua 60 hadi 300 kila mwaka.

Ndugu zetu, tunataka mlitulie jambo hili kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana uzito. Kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wameona kwamba uzito wa shimo jeusi la katikati hufuatana na nyota zilizo kwenye kitovu cha galaksi yake: kitovu kikubwa, shimo kubwa. Ni ajabu, maana shimo ni dogo mno ukililinganisha na galaksi, kama punje ya ulezi ndani ya wilaya nzima. Punje hiyo itaiamrishaje wilaya? Maelezo yaliyopendelewa ni upepo. Shimo likila sana, hupuliza sana; likipuliza sana, gesi ya galaksi hutawanyika au hupashwa moto, nyota mpya zikakosa kuzaliwa, na shimo lenyewe likakosa chakula. Ni maelezo mazuri, na sisi tuliyapenda mara tulipoyasoma.

Lakini XRISM imeyatia mashaka. Nguvu inayobebwa na risasi zile za PDS 456 ni kubwa mno kupita ile inayohitajika kuusukuma upepo wa nje unaoonekana katika galaksi hizo. Kama nguvu yote hiyo ingeigonga gesi ya galaksi, tungeona uharibifu mkubwa kuliko tunaouona. Basi ama risasi hupenya katika mianya ya gesi bila kuigusa sana, ama upepo huo huvuma kwa muda mfupi tu katika maisha ya kwasari. Walioandika habari hiyo wameyasema yote mawili waziwazi. Hilo nasi lilitufunza adabu, kwani mwaka jana tulisimama mahali hapa tukasema kwa yakini jambo ambalo hatukulipima.

Uko mfano mwingine ambamo kazi ya shimo inaonekana dhahiri zaidi. Mwezi Desemba, jioni, ukitazama kaskazini utaona nyota iitwayo Algol. Jina lake ni Kiarabu, ra's al-ghul, kichwa cha zimwi. Karibu na upande huo, umbali wa miaka milioni 240 ya nuru, liko kundi la galaksi liitwalo Perseus. Uhuru iliiona eksirei yake ikiwa imetanda, si nukta moja, yaani gesi ya moto inayojaza nafasi kati ya galaksi. Mwaka 1976 Ariel 5 ikaona humo alama ya chuma. Vyombo vyote viwili, kumbukeni, viliondokea Ngomeni. Gesi ile ilipaswa kupoa na kugeuka nyota kwa wingi, lakini haipoi. Darubini Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ilionyesha sababu: shimo jeusi la galaksi ya katikati hupuliza mikondo inayofanya mapovu makubwa ndani ya gesi, na mapovu hayo hueneza mawimbi mfano wa mawimbi ya sauti. Wimbi moja hupita kwa karibu miaka milioni 10. Hapana sikio la kusikia sauti nzito kiasi hicho, lakini joto lake huifikia gesi. Mwaka 2016 chombo cha Kijapani Hitomi kilipima mwendo wa gesi hiyo kuwa kilometa 160 hivi kwa sekunde, utulivu ambao haukutarajiwa. Kisha kikapotea angani Machi mwaka huo huo, baada ya majuma machache tu ya uhai. XRISM ilijengwa ili kuendeleza kazi yake.

Mama mmoja alituuliza nje ya msikiti kama shimo la galaksi yetu litatumeza. La hasha. Liko umbali wa miaka 26,000 ya nuru na lina uzito wa jua milioni 4 hivi. Sisi tunazunguka galaksi kwa raha yetu. Tena shimo hili ni mlaji dhaifu. Mwaka 2012 Chandra ililitazama kwa jumla ya majuma matano, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba katika gesi ambayo limeinasa, isiyofika asilimia moja ndiyo inayofika mpakani, iliyobaki hufukuzwa. Mmeona basi la mwisho la jioni pale stendi, watu wote wanagombea mlango mmoja bila foleni? Wengi hurudishwa nyuma kwa msukumo wa wao kwa wao. Na hapo tuliposema kila kitu humezwa, ukweli ulikuwa karibu kinyume chake.

Zipo dalili kwamba zamani lilipuliza kwa nguvu zaidi. Mwaka 2019 darubini za redio za MeerKAT, huko Afrika Kusini, zilionyesha mapovu mawili juu na chini ya kitovu cha galaksi yetu, urefu wake wote miaka 1,400 ya nuru, na mwaka huo huo XMM-Newton ikaona eksirei ikipanda kama moshi wa bomba kuelekea humo. Mwaka 2020 chombo eROSITA kikaonyesha mapovu mengine makubwa zaidi, kila moja la miaka 45,000 hivi ya nuru. Kama yametokana na shimo au na nyota zilizolipuka, bado wanabishana.

Njombe tulipoirudia hotuba hii ilikuwa mwishoni mwa Julai, na baridi mnaijua. Baada ya Isha vijana walikaa nje na mablanketi. Saa nne kasorobo usiku kundi la Kausi lilikuwa karibu utosini, limeelemea kusini kidogo, na ule mkanda mweupe wa nyota ulikuwa mnene mahali hapo kuliko popote. Tuliwaonyesha kwa kidole: huko ndiko liliko.

Kikaratasi kililetwa tena. Yule binti wa Makambako alikuwa amekuja Njombe kwa shangazi yake. Safari hii aliandika maswali mawili. La kwanza aliuliza kama vipimo hivyo vinaweza kuonwa na mtu wa kawaida. Vinaweza. Vipimo vya Uhuru vimehifadhiwa na NASA kwa ajili ya yeyote, na vya XRISM hufunguliwa kwa watu wote baada ya muda. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti, na hesabu, hasa hesabu. Tumemwomba mwalimu mmoja wa fizikia akae na vijana kila Jumamosi ya pili ya mwezi baada ya Adhuhuri, wavulana kwa wasichana, na amekubali.

Swali lake la pili lilikuwa fupi: "Na Uhuru sasa iko wapi?" Tulimjibu kwamba haipo tena, mwaka 1979 iliporomoka ikaungua katika angahewa. Jukwaa la San Marco nalo lilirusha roketi yake ya mwisho mwaka 1988. Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, safari hii imetengenezwa kwa ajili ya Kenya na kurushwa kutoka Marekani, ambapo Uhuru ilikuwa ya Marekani ikarushwa kutoka Kenya. Binti aliandika chini ya jibu letu: "Ya Tanzania lini?" Hilo tumelipeleka kwa mwalimu wa Jumamosi.